Mjadala: Anasa za Malcolm Forbes, ilikuwa kweli "hela yake mwenyewe"?

Wadau naomba tulijadili hili, maana naona wengi wanalimaliza kwa kusema "hela yake, aitumie anavyotaka" na mi nakataa kabisa.

Kwa wasiomjua, Malcolm Forbes ndo alikuja kulimiliki jarida la biashara la Forbes ambalo baba yake alilianzisha 1917, na ni enzi zake hiyohiyo, 1982, ndo ile orodha ya matajiri 400 wa Marekani ikaanza kutoka. Jamaa aliishi haswa. Kasri Normandy kule Ufaransa, kisiwa kizima Fiji, mayai ya Fabergé (siyo ya kuku, ni mapambo ya thamani yenye umbo la yai) yaliyotengenezwa kwa ajili ya wafalme wa Urusi, maputo ya kurukia, mapikipiki. Agosti 1989 akafanya sherehe ya kutimiza miaka 70 Tangier, Moroko, wageni mamia wakapelekwa kwa ndege za kukodi ikiwemo Concorde, ile ndege ya abiria iliyokuwa inapita kasi ya sauti, wapanda farasi wanakuja mbio wanafyatua bunduki juu, mwigizaji Elizabeth Taylor yupo pembeni yake, bili ikavuka dola milioni 2. Birthday moja hiyo jamani!

Ingeishia hapo nisingesema kitu, na hata kumsifia ntamsifia, mayai yale aliyaweka kwenye jengo la jarida mtaa wa Fifth Avenue, New York, watu wakawa wanaingia kuyaona bure, matajiri wangapi wanafanya hivyo?

Ila shida yangu ni ile yoti yake, boti ya kifahari iliyoitwa Highlander. Haikuwa ya kupunga upepo na familia tu, ilikuwa ya kukaribishia mabosi wa makampuni, wanakula wanakunywa wanazungushwa kwenye maji ya New York, na mabosi hao ndo haohao wanaoamua matangazo ya kampuni zao yaende jarida gani. Ndege yake nayo aliipa jina Capitalist Tool ("Chombo cha Kibepari"), yaani kaulimbiu ya jarida lenyewe. Kwa hiyo tusidanganyane kwamba ni starehe binafsi, ilikuwa sehemu ya biashara, na biashara yenyewe ni ya kuwapa watu habari kuhusu haohao waliokuwa wanakaribishwa.

Sasa fikiria wewe ni mwandishi pale, umepewa kazi ya kuchimba mahesabu ya kampuni fulani, halafu unajua bosi wa hiyo kampuni wiki iliyopita alikuwa anakula na mwenye jarida kwenye boti, kalamu itakuwa nyepesi kweli? Sisemi kuna stori ilizuiwa. Nasema msomaji aliyetoa hela yake kununua nakala alikuwa na haki ya kujua nani kakaa meza moja na nani, na hiyo ndo naona iwe sheria kwa mmiliki yeyote wa chombo cha habari, awe na yoti au asiwe nayo.

Najua mtasema kila mchapishaji anakula na watangazaji wake. Sawa, lakini kuzoeleka kunaifanyaje iwe haki? Wanaomtetea njooni mnijibu hapo kwenye boti, habari za mayai na kasri tuziache.