Tupeane uzoefu: siku uliyoponea chupuchupu kwenye mgodi wa makaa ya mawe

Mtu wa Ileje
Wakuu, leo nimepita kwa fundi vyuma hapa Uyole, akawa anagonga tangi tupu kwa nyundo. Bu, bu. Miguu ikaisha nguvu, nikakaa kwenye benchi la muuza chipsi. Mlio ule niliwahi kuusikia chini ya ardhi. Mliowahi kushuka kwenye makaa, si dhahabu, njooni tusimuliane. Majina ya migodi tuyaache.

Kipara1
Nipo. Mimi niliacha kazi, miezi miwili baadaye bado nikipenga kamasi inatoka nyeusi.

Dada Sokoni
Maziwa, kaka. Nusu lita kila ukitoka zamu.

Kipara1
Dada, maziwa yanaenda tumboni, vumbi liko kwenye mapafu. Kinacholaza vumbi ni maji, yamwagwe palepale unapokata makaa. Sisi bomba la maji lilikuwepo, maji ndiyo hayakuwepo. Maziwa tulipewa kila siku.

Babu Timba
Huo mlio wa tangi naujua. 2011, mgodi wetu ulikuwa wa vyumba na nguzo: mnachimba chumba, mnaacha nguzo za makaa yenyewe zibebe paa. Mwisho wa mwezi tani hazijatimia, foromani akasema tumegemege nguzo kidogo, "zimenenepa".

Tulikuwa na mzee mmoja wa kupiga matimba, yale magogo ya kushikilia paa. Hagusi kitu kabla hajagonga paa kwa mtarimbo, mkono wa kulia unagonga, kiganja cha kushoto kakibandika kwenye mwamba asikilizie mtetemo. Mwamba mzima unalia ngi! Uliobanduka unalia bu, kama debe. Siku ile akagonga mara tatu, akanywea. Akasema, "Wanangu, humu siingii."

Foromani: "Mzee, mshahara mbona unauingia?" Tukacheka, na mimi nilicheka. Mzee akaketi kwenye gogo, akatoa ugoro wake (sigara chini huko ni marufuku, wazee wote walikuwa wa ugoro), akavuta taratibu. Hajamaliza, matimba yakaanza kulia. Ta. Ta-ta. Kama bisi kwenye sufuria. Mchanga ukaanza kuchuruzika juu ya kofia zetu.

Tulikimbia. Kijana mmoja wa umri wa mdogo wangu akageuka kufuata bakuli lake la chakula, mama yake alikuwa amempikia kande. Paa lilipokuja hata sikusikia kishindo, nilisikia upepo. Ulinibeba ukanibwaga kifudifudi, vumbi likameza taa zote, mwanga wa tochi yangu ukaishia kwenye pua. Tulimtoa kijana baada ya saa tano, mguu ukabaki. Ripoti iliandikwa "mfanyakazi hakuzingatia taratibu". Nguzo hazikutajwa.

Mtu wa Ileje
😢

Ngosha wa Duarani
Chai. Upepo ukubebe ndani ya shimo?

Babu Timba
Paa likianguka linasukuma hewa yote ya chumba kwa mpigo, kijana. Usiombe.

Ngosha wa Duarani
Sisi wa dhahabu ndio tunakufa. Gesi inakaa chini ya duara, shimo letu la dhahabu, ukishuka hurudi. Nyie makaa mna feni, mnadeka.

Kipara1
Unachanganya madawa. Gesi ya makaa, methani, ni nyepesi, inajikusanya juu kwenye paa. Ikifika kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa, cheche moja tu. Nyie wengi mnamalizwa na moshi wa pampu ya petroli mnayoishusha wenyewe shimoni.

Ngosha wa Duarani
Sasa maji tuyatoe na kijiko?

Kipara1
Pampu ya umeme! Au injini ibaki juu. Na feni unayoisema, ikizima watu wote watoke, na hawarudi mpaka gesi ipimwe. Kwetu ilizima kwa muda wa saa mbili, tukaambiwa tusubiri humohumo, umeme unarudi.

Mjukuu wa Wenela
Babu Timba, habari ya nguzo imenitoa machozi. Babu yangu alikwenda Sauzi enzi za Wenela, shirika lililokuwa likichukua vibarua wa migodi ya huko. Januari 1960, mgodi wa makaa wa Coalbrook hukohuko Sauzi, nguzo nyembamba ziliachiana moja baada ya nyingine, zaidi ya watu 430 wakafukiwa. Baada ya hapo ndipo wataalamu wao wakakaa chini wakapiga hesabu ya unene wa nguzo. Na Wankie (Hwange ya leo, Zimbabwe), Juni 1972, mlipuko uliua zaidi ya 420, wengi hadi leo wamelala humohumo. Kwenye makaa, gesi inawasha tu, vumbi ndilo linalopokea moto na kuukimbiza njia nzima. Ndiyo maana hunyunyiziwa unga wa mawe ya chokaa kwenye kuta.

Dereva wa Mbinga
Mnaongelea chini, na sisi wa juu je? Nilikaa foleni Mtwara na mzigo wa makaa, siku ya nne turubai likaanza kutoa moshi. Hakuna aliyewasha, yanajiwasha yenyewe. Nikamwagia ndoo mbili za maji, moshi ukaongezeka!

Kipara1
Ndoo mbili ni kuyachokoza. Ungemwaga mzigo chini, utandazwe upoe.

Dereva wa Mbinga
Nimwage tani thelathini barabarani? Bosi angenitandaza mimi.

Dada Sokoni
Babu Timba, yule kijana alilipwa?

Babu Timba
Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi umeanza kazi 2015, yeye mguu wake ni wa 2011. Alipewa magongo na nauli. Siku hizi mwajiri ndiye anachangia, mfanyakazi hakatwi, kwa hiyo mliopo kazini ulizeni kama mmeandikishwa. Ana genge la nyanya sasa. Nikipita huwa ananiongezea mbili.

Ngosha wa Duarani
Pole mzee wangu, naifuta ile chai.

Graduate2023
Samahani wakuu, huko kwenye makaa bado wanachukua watu? Nina diploma ya jiolojia.