Kitabu chooni: kiwe chepesi kiasi gani, au kisiingie kabisa?

Mwanzisha mada, Buruburu
Nyumba nyingi za kupanga hapa Nairobi zina choo cha ndani, na baadhi ya wapangaji huweka humo kitabu kimoja au viwili. Kuna wanaoona ni uchafu. Kuna wanaosema ndiyo nafasi pekee ya kusoma kwa mtu anayeshuka matatu saa mbili usiku. Msimamo wangu: kiwepo, lakini kichaguliwe kwa saa. Msomaji asiye na haraka humaliza kurasa mbili tatu kwa dakika tano, basi kila kipande kitoshe humo: kisa cha Abunuwasi, vitendawili, methali na maelezo yake, chemshabongo, katuni, mkusanyo wa makala za ucheshi. Riwaya ya upelelezi haifai hata ikiwa na lugha rahisi, maana kila sura hukatizwa pale pale msomaji anapotaka kujua kilichofuata. Kitabu chepesi kusoma si lazima kiwe chepesi kuweka chini.

Muuguzi, Kasarani
Ndugu, saa naikubali, ila ianze kuhesabiwa mtu anapoketi, si anapofungua kitabu. Kiti cha choo hushikilia makalio pembeni tu, katikati ni wazi. Damu hujaa kwenye mishipa ya njia ya haja, na mtu akijikamua juu yake mishipa huvimba. Bawasiri inaweza kuanza hivyo. Dakika tano zinatosha, kumi ndiyo mwisho. Miguu ikifa ganzi, muda umepita kitambo. Haja ikikataa, inuka, kunywa maji, tembea, urudi ikibana. Kigoda cha sentimita 15 hadi 20 chini ya miguu kinasaidia kuliko hadithi yoyote. Kitabu kibaki sebuleni.

Muuza vitabu, Barabara ya Tom Mboya
Dada muuguzi, ukikitoa kitabu ataingia na simu, na simu haina ukurasa wa mwisho. Afadhali kisa cha kurasa mbili kinachojimaliza chenyewe. Kwa wanaonunua vitabu vya kale vilivyotandazwa kando ya barabara: kifungue katikati ukinuse kwanza. Chenye harufu ya udongo wa mvua huenda kimeshashika kuvu, na bafuni kitaambukiza vingine. Kisha soma mwisho wa vipande vitatu tofauti. Kama vyote vitatu vinakuacha ukiwa umetosheka, chukua. Jarida la zamani lenye visa vifupi nalo linafaa.

Mpiga chapa, River Road
Jarida hapana. Karatasi ile ya kung'aa imepakwa udongo mweupe laini. Ikilowa kisha ikakauka ikiwa imefungwa, kurasa hugandana ziwe kama tofali, na ukizibandua zinachanika na maandishi yake. Pini za katikati nazo hushika kutu na kuacha doa la kahawia. Karatasi ya kawaida ya gramu 70 au 80 kwa mita ya mraba hunyonya mvuke, nyuzi zake zikavimba na ukurasa ukapinda kama mawimbi, lakini bado unasomeka. Tafuteni kilichoshonwa kwa uzi, saizi ya A5, kisichozidi kurasa 150, chenye jalada la plastiki linalofutika kwa kitambaa chenye spiriti. Cha gundi peke yake msikilaze kifudifudi kikiwa wazi. Mgongo utapasuka na kurasa zitatoka mojamoja.

Mwalimu wa madrasa, Eastleigh
Asalaam alaikum. Kuingia msalani na kitu chenye jina la Mwenyezi Mungu ni makuruhu, yaani jambo lisilopendeza katika dini. Wengi hudhani hilo linahusu Msahafu tu. Tenzi zetu za kale hufungua kwa bismillahi na kumhimidi Mola kabla kisa hakijaanza, kwa hiyo utenzi hauingii, uwe wa vita au wa mapenzi. Methali nyingi zinamtaja Mungu, na katika visa vya Abunuwasi watu huapa kwa Mungu. Vinavyobaki ni vitendawili, chemshabongo na katuni.

Mwanzisha mada, Buruburu
Waalaikum salaam, mwalimu. Sikulifikiria hilo, na nakubali kwamba nyumba ya Kiislamu ifuate ulivyosema. Naongeza kwamba hata nyumba ya imani nyingine ikipokea wageni, rafu ichunguzwe kabla hawajafika. Mgeni asiwekwe katika hali ya kuona alichofundishwa kukiheshimu kikiwa mahali pale.

Fundi wa mabomba, Kayole
Kuhusu rafu yenyewe. Katika fleti nyingi shawa iko juu ya choo, chumba hakina dirisha ila tundu la hewa, na instanti, yaani kichwa cha shawa kinachochemsha maji kwa umeme, inajaza mvuke kila asubuhi. Msiweke vitabu juu ya tanki la choo: tanki hutoa jasho, na fundi lazima afungue kifuniko chake. Rafu iwe ukuta wa mbali na shawa, juu ya kimo cha mita moja na nusu, na vitabu viache nafasi ya sentimita mbili nyuma. Msitoboe ukuta juu au chini ya instanti, kwa sababu waya wa umeme unaweza kuwa umepita humo. Lakini mkiniuliza mimi, pigilieni rafu nje ya mlango. Mtu achukue kimoja akiingia, akirudishe akishanawa mikono. Na kifuniko cha choo kishushwe kabla ya kuvuta maji, matone yasiruke.

Mkutubi, Makadara
Rafu ya nje naiunga mkono. Kitabu cha maktaba kisiingie hata hivyo, kinasubiriwa na wengine. Chenu kikilowa, msikianike juani wala kukipigia pasi. Kisimamisheni wima, kurasa zikiachana kidogo, mtie tishu nyeupe kila baada ya kurasa 20 hivi, mzibadilishe zikilowa, na feni ipulize kwa mbali. Mkikosa nafasi siku hiyo, kifungeni kwenye mfuko wa plastiki mkigandishe kwenye friza, kwa sababu kuvu inaweza kuanza baada ya siku mbili tu. Kikikauka, kilazeni chini ya kitu kizito usiku kucha.

Mpangaji, Githurai
Nyote mnasemea choo cha ndani. Kwenye ploti nyumba sita zinashiriki kimoja, cha kuchuchumaa, na saa kumi na mbili asubuhi kuna foleni. Kitabu kikiachwa pale, kurasa zake zitatumika kujipangusia.

Fundi wa mabomba, Kayole
Na zikitumika, bomba litaziba. Karatasi ya kitabu au gazeti haivunjikivunjiki majini kama tishu, hukwama kwenye kona ya kwanza. Hapo wekeni ndoo yenye kifuniko ya kutupia, na kitabu kikae nyumbani.