Asubuhi nimekatwa kwa kuchelewa, mchana naambiwa mimi si mfanyakazi

Ndugu wanajukwaa, naandika nikiwa bado natetemeka kwa hasira, hivyo mtanivumilia. Yule bwana mnamjua, na asiyemjua amshukuru Mungu. Leo amenitamkia mbele ya ofisi nzima kwamba mimi si mwajiriwa wake bali ni "mkandarasi wa kujitegemea", na kwamba habari za kodi ya mshahara na michango ya hifadhi ya jamii nisimpelekee tena. Aliyasema hayo akiwa ameshika daftari la mahudhurio, kidole kikiwa juu ya sahihi yangu ya saa mbili na dakika saba, na zile dakika saba ameshazizungushia wino mwekundu ili zikatwe kwenye malipo yangu.

Mkandarasi gani wa kujitegemea anakatwa dakika saba? Huyu ndiye anayenipangia saa ya kuingia na ya kutoka, kompyuta ni yake, kazi za nje amenikataza, na nikikohoa kwa sauti asiyoipenda huniandikia barua ya onyo yenye nakala kwa idara nne ambazo hazijawahi kuwepo. Pendekezo Namba 198 la Shirika la Kazi Duniani, la mwaka 2006, linataja viashiria hivi hivi vya maelekezo, ratiba, vifaa na malipo ya kila kipindi, na linataka uhusiano wa kazi upimwe kwa hali halisi ilivyo, hata kama mkataba umeuita jina lingine. Orodha yake ya mishahara naiandaa mimi, halafu ananifundisha mimi nani ni mwajiriwa!

Anachokimbia kinajulikana. Kwa mwajiriwa angepaswa kukata kodi, kuiwasilisha, na kuongeza mchango wa mwajiri kutoka mfukoni mwake, ilhali kwa mkandarasi mzigo wote unanihamia mimi. Lakini hayo ningeyameza. Kinachonichoma ni lile daftari. Mtu ananikana huku kidole hakijabanduka kwenye sahihi yangu!

Kalamu_Nyekundu: Pole sana, ingawa nimecheka mpaka nimeulizwa nyumbani kuna nini. Mkandarasi mwenye barua ya onyo ni kiumbe kipya.

MzeeWaHesabu: Wewe unayeandaa orodha ya mishahara umekaa muda wote huu bila kuona kwamba jina lako halimo? Ningekuwa mimi ndiye bosi wako, ningekukata dakika kumi.

Mleta uzi: Jina langu lilikuwamo mpaka mwezi uliopita, mzee. Na dakika zilikuwa saba.

Tabasamu: Mnamwonea mleta uzi. Nchini Marekani mwajiri na mwajiriwa hulipa asilimia 7.65 kila mmoja kwa ajili ya pensheni ya uzeeni na bima ya afya ya wazee, na aliyejiajiri hubeba asilimia 15.3 peke yake. Sasa mnaona kwa nini mabosi wanapenda sana neno "mkandarasi".

Mwenye_Duka: Na sisi waajiri tulie wapi? Nilikuwa na kijana aliyenisihi nimlipe kama mkandarasi ili apokee fedha yake nzima bila makato. Siku ya kuachana akaja na madai ya likizo, kiinua mgongo na michango ya miaka yote, na mamlaka ya kodi ikanidai mimi kodi ambayo sikumkata, pamoja na riba.

MzeeWaHesabu: Ulistahili, kwa sababu ridhaa ya mfanyakazi haimfutii mwajiri wajibu wake. Mahakama ya Juu ya Uingereza mwaka 2021 iliwakatalia Uber hoja kama hiyo ya kuegemea maandishi ya mkataba.

Mwenye_Duka: Mzee, wewe umewahi kulipa mishahara ya watu au unaisoma tu?

Kalamu_Nyekundu: Afadhali nyie. Kwetu tunakatwa michango kila mwezi, hati ya malipo inaonyesha vizuri kabisa, lakini ukienda kwenye mfuko unaambiwa haijafika hata senti.

Tabasamu: Kumbe tuko wengi! Fungua uzi wako, huo ni wizi kabisa.

Mleta uzi: Jamani, na daftari langu?

Mwenye_Duka: Subiri kidogo. Kalamu, huo mfuko ulikujibu kwa maandishi?