Shiti za kuzuia kelele mlangoni: kupasha moto, barafu kavu au kukata?

mgeni_wa_spana: Wakuu, kioo cha dereva hakipandi, nabadili mashine ya kukipandisha. Shiti za kuzuia kelele zimeziba matundu yote ya mlango. Nipashe moto, niweke barafu kavu, ile ya kaboni dioksidi, au nikate?

Namba10: Gari gani? Shiti ni lami nyeusi au butili, ule mpira unaonata, yenye foili? Imebandikwa bati la ndani au la nje? Bila hayo tunapiga ramli.

BodiNaRangi: Moto tu. Hitigani, ile bunduki ya hewa moto, kwenye joto la chini, umbali wa shibiri, usiisimamishe sehemu moja, rangi ya nje itavimba. Inua kona kwa spachula ya plastiki, vuta taratibu. Ukiwa na pupa foili inachanika na butili yote inabaki kwenye bati. Vaa glavu, ukingo wa foili ni wembe.

UmemeMagari: Ubandue yote ya nini? Kata kwa kufuata ukingo wa tundu, upande wa juu uuache uwe bawaba. Kisu kisizame zaidi ya unene wa shiti, milimita 2 hivi, nyuma kuna nyaya. Kabla ya kufungua bolti, shikiza kioo kwenye fremu kwa tepu, la sivyo kinadondoka ndani. Ukimaliza, ziba kwa tepu ya alumini.

Namba10: Barafu kavu ni ya lami ya sakafuni: inakakamaa kwa baridi, unaigonga inapasuka. Mlangoni haikai. Na usifunge vioo, hewa yake inakaba.

mgeni_wa_spana: Ni Toyota IST. Shiti ya rangi ya fedha, inanata kama bazoka. Kava ya ndani ya mlango sijafungua.

KaleKapya: Mabaki futa kwa thina.

BodiNaRangi: Thina mlangoni? Itakula rangi! Mafuta ya taa, kisha spiriti, maana bati likibaki na mafuta tepu mpya haishiki.

Namba10: Mnasahau nailoni, ile ya kuzuia maji nyuma ya kava. Kuna IST ilibanduliwa kila kitu, nailoni ikachanwa, haikurudishwa. Maji ya mvua kupita kwenye raba ya kioo na kushuka ndani ya mlango ni kawaida, yanatoka nje kwa matundu ya chini. Bila nailoni yakahamia kwenye kava, yakaloanisha zulia. Mwenye gari akabadili raba za mlango mara mbili, bado maji. Kumbe pia shiti mpya zilikuwa zimeziba yale matundu ya chini. Mlango ukawa ndoo, kutu ikaanza kwenye mshono.

KaleKapya: Kwani IST shiti za nini? Kelele yake ni ya matairi.

UmemeMagari: Spika, mkuu. Bati likitikisika besi inapotea. Ila msibandike ile tepu ya lami ya mabati ya nyumba, jua la Dar linaiyeyusha na harufu haitoki.

mgeni_wa_spana: Nimefungua. Shiti ziko bati zote mbili.

Namba10: Ya nje usiiguse.

UmemeMagari: Mota umeijaribu kwa volti 12 moja kwa moja? Isije ikawa swichi.

mgeni_wa_spana: Swichi sijaigusa.