Mafaili ya picha za satelaiti yamenizidi, nyie mnapangaje?

mwana_mikoko
Wakuu habari za jioni. Niko mwaka wa mwisho, mradi wangu ni mabadiliko ya mikoko delta ya Rufiji. Nina picha za 1995 na 2009 za satelaiti ya Landsat 5, 2014 ya Landsat 8, halafu 2019 na 2023 za satelaiti za Sentinel-2. Sasa laptopu imejaa na hata sielewi nini ni nini, nina folda inaitwa mpya, nyingine mpya2, nyingine mpya_kabisa, na ndani yake kuna mafaili ya picha ya .tif yanaitwa clip1 mpaka clip17. Jana supavaiza ameniuliza ramani ya 2009 nimeitoa kwenye picha ya mwezi gani nikabaki natabasamu tu. Mnapangaje wenzangu? Na yale majina marefu ya mafaili nibadilishe au niache?

Bendi_ya_Nne
Pole dogo, wote tumepita huko. Jina refu USIGUSE. Lile jina ndo cheti cha kuzaliwa cha picha. Mfano LC08_L2SP_166065_20140613_20200911_02_T1, hapo LC08 ni Landsat 8, L2SP ni kwamba imeshasahihishwa hewa, 166065 ni njia 166 mstari 65, yaani anwani ya eneo kwenye gridi ya Landsat, tarehe ya kwanza ndo siku picha ilipopigwa na ya pili ni siku walipoichakata. Watu wengi wanachukua tarehe ya pili wanaandika kwenye ripoti halafu wanashangaa mikoko ya 2014 imepigwa 2020 😂

Mimi natengeneza folda tatu tu. Ya kwanza naiita 01_ghafi, humo zinakaa zipu kama zilivyoshuka na hakuna kuandika chochote ndani, nikishaweka naifanya ya kusoma tu. Ya pili 02_kazi, humo unakata, unachanganya bendi (zile tabaka za picha, kila moja na rangi yake ya mwanga), unaharibu upendavyo maana ukiharibu unarudi kwenye ghafi. Ya tatu 03_matokeo, zile unazompelekea mwalimu. Na majina ya kwako anza na mwaka, 20090701_L5_rufiji_ndvi (NDVI ni kipimo cha ukijani wa mimea), ukipanga kwa alfabeti zinajipanga zenyewe kwa tarehe.

mama_pikseli
Naongezea kwa Bendi hapo juu, folda peke yake hazitoshi, mali bila daftari hupotea bila habari. Fungua jedwali moja, kila picha mstari wake: jina kamili, tarehe ya kupigwa, mawingu asilimia ngapi, umeikata kwa mpaka upi, imezaa faili gani. Wewe wa mikoko ongeza na safu ya MAJI. Landsat 8 na Sentinel-2 zinapita kwetu saa nne na nusu hivi kuelekea saa tano asubuhi, na pwani yetu wakati wa bamvua (maji yanapojaa na kupwa sana) saa hizo maji yamekupwa, wakati wa maji mafu (yanapojaa na kupwa kidogo) saa hizohizo yamejaa. Kwa hiyo ukilinganisha picha ya bamvua na ya maji mafu utaona matope yameongezeka au mikoko michanga imepotea kumbe ni bahari tu imeingia na kutoka. Mvuvi yeyote wa huko angekwambia, ila kwenye jina la faili haipo.

Na tafadhali usimtumie mtu .shp (faili la mipaka ya ramani) peke yake kwenye WhatsApp, inatembea na wenzake .shx, .dbf na .prj, zifunge zipu moja.

fundi_ramani
Mi hilo la kuacha majina marefu naona lina shida moja. Ghafi sawa, ila zile za Sentinel folda ndani ya folda ndani ya folda, ukiziweka kwenye Desktop/Chuo/Mradi wa mwaka wa mwisho/Data/mpya_kabisa, Windows inagoma kufungua zipu sababu njia nzima ikipita herufi 260 inaleta shida. Weka D:\rufiji basi. Bila nafasi wala mabano kwenye majina.

Kingine kwenye Sentinel angalia ile N katikati ya jina, ndo toleo la uchakataji. Kuanzia N0400, Januari 2022 hivi, waliongeza 1000 kwenye namba za pikseli, usipoitoa NDVI yako ya 2023 haifanani na ya 2019 hata kama mikoko haijaguswa. Na usiangalie tarehe ya picha, za zamani nazo wamezichakata upya, angalia N. Iandike kwenye daftari la mama.

mwana_mikoko
Asanteni sana. Nimekesha na hii kitu, bado sijamaliza ila nimeshagundua mawili. La kwanza, clip9 niliyokuwa naitumia kama infraredi ya 2009 ilikuwa bendi ya 5, kwa sababu kwenye Landsat 8 infraredi ya karibu ni bendi 5 nikadhani na Landsat 5 ni hivyohivyo kumbe huko ni bendi 4. Ramani nzima ya 2009 ni takataka. La pili mbona Landsat zangu na Sentinel hazikai pamoja nikizichanganya? Kwenye skrini ziko sawa kabisa.

fundi_ramani
Ni mfumo wa kuratibu (UTM). Landsat inakuja zoni 37 ya KASKAZINI hata ukiwa kusini mwa ikweta, namba yake 32637, umbali wa Rufiji kutoka ikweta unasoma kama mita -860,000. Sentinel ni zoni 37 ya kusini, 32737, palepale inasoma 9,140,000. Tofauti ni mita milioni 10 kamili. QGIS (programu ya ramani) inakuoanishia machoni tu, faili lenyewe halijabadilika. Zigeuze zote 32737 uziweke 02_kazi na mwisho wa jina andika 32737.

Bendi_ya_Nne
Na usifute clip1-17 leo kwa hasira.

mwana_mikoko
Nimeshafuta kumi mkuu 😭 ila ghafi zote zipo, nakopi kwenye haridiski ya bro kabla sijagusa kingine.

mama_pikseli
Basi hujapoteza kitu. Anza na 2009, bendi 4.