Final Cut Pro 7 haifunguki kwenye Mac mpya, nisaidieni

Mkata_Picha: Assalaam alaykum wanajukwaa. Nina mafaili ya .fcp ya harusi za zamani, nilizikata kwa Final Cut Pro 7, programu ya Apple ya kuhariri video. Kwenye Mac mpya Final Cut Pro 7 imegoma, ikoni ina alama ya kukataza. Mteja wa Mkoani anataka harusi yake ikatwe upya. Nifanyeje?

Fundi_Wete: Waalaykum salaam. Mac gani, mfumo gani?

Karafuu: Achana na Apple. Weka DaVinci Resolve ya bure, umemaliza.

Fundi_Wete: Resolve haisomi .fcp, Karafuu. Inasoma XML, faili la maandishi lenye orodha ya mikato, na XML inatolewa na Final Cut 7 yenyewe.

Mkata_Picha: Ni yenye chipu ya Apple, M1. Nimeambiwa niirudishe kwenye mfumo wa zamani, Mojave, nimeshapakua.

Fundi_Wete: Futa. Final Cut 7 ni ya biti 32, na Apple walizifungia mlango hizo kwenye mfumo wa Catalina, 2019. M1 imeanza na Big Sur, mfumo uliofuata Catalina, hairudi nyuma ya hapo. Rosetta 2, kitafsiri kilichomo kwenye M1, nayo inatafsiri programu za Intel za biti 64 tu. Tafuta Mac ya Intel yenye mfumo wa Sierra kushuka chini, maana juu ya Sierra Final Cut 7 haifunguki.

Karafuu: Au biharusi aolewe tena, safari hii tumrikodi kwa simu.

Mwana_Darajani: Chai hii. Harusi zilikatwa kwenye mashine gani?

Mkata_Picha: Si chai, shehe. MacBook Pro ya 2012 ipo, ina El Capitan. Ila nimeshakula arubuni, mnunuzi anaifuata Alkhamisi. Siwezi kumgeuka mtu.

Bi_Hishima: Ahadi ni deni. Mpe mtu mali yake.

Fundi_Wete: Alkhamisi haijafika. Diski ya nje ifomati Mac OS Extended. Ukiifomati APFS, El Capitan haitaiona. Fungua mradi, chagua sequence (mpangilio wa mikato), nenda File > Export > XML, toleo la 5. Nakili na folda nzima ya Capture Scratch, yenye video ghafi. Maandishi ya LiveType, programu ya Apple ya vichwa vya video, hayahami, hayo yatoe video kamili ya ProRes 422 kabisa: 1080 ya fremu 25 inakula kama GB 55 kwa saa. Kwenye M1, Resolve: File > Import > Timeline. Klipu zikija nyekundu, zielekeze kwenye folda ile.

Mkata_Picha: Kwa hiyo nikishatoa XML nampa?

Fundi_Wete: Subiri. Ifungue kwenye M1, uipitie mikato mwanzo mpaka mwisho. Ikikosekana klipu, utaitoa wapi na mashine imeshaondoka?