Kaburi la Daudi Okello na Jildo Irwa: Paimol au Kitgum?

Mwanakwaya_Musoma
Tumsifu Yesu Kristu. Jumuiya yetu inapanga hija ya kuzuru kaburi la makatekista wafiadini wa kaskazini mwa Uganda, Wenye Heri Daudi Okello na Jildo Irwa. Kuna wanaosema wamelala Paimol, wengine Kitgum. Tuanzie wapi, na msimu gani? Tutatoka Musoma kwa basi dogo la kukodi.

Katekista wa Kigango
Milele amina. Kwenye masalia, yaani mabaki ya mwili yanayoheshimiwa, ni Kitgum. Paimol ndipo walipochomwa mikuki, kati ya tarehe 18 na 20 Oktoba 1918, Daudi akiwa kijana wa miaka 16 hadi 18, Jildo takriban 12. Mwili wa Daudi uliachwa bila kuzikwa. Siku chache baadaye ulifungwa kamba shingoni ukaburutwa hadi kwenye kichuguu kitupu. Mabaki hayo yalikusanywa Februari 1926, baadaye yakawekwa katika kanisa la misheni ya Kitgum, miguuni pa altare ya Moyo Mtakatifu. Kwa hiyo Paimol msiulize kaburi, ulizeni Wi-Polo, jina ambalo Wakristo walipatia mahali pa mauaji palipoitwa Palamuku. Msipaache! Bila kusimama pale, hija hii inapungukiwa kitu kikubwa.

Njia_ya_Kaskazini
Piteni Sirari, Kisumu, Busia, Tororo, Mbale, Soroti hadi Lira. Kutoka Lira zungukeni Kamdini na Gulu: ni mbali zaidi, ila lami inawafikisha Kitgum. Kitgum kwenda Paimol ni vumbi, na hapo ndipo mabasi madogo yanapokwama, kwa sababu mvua ya huko huendelea hadi Oktoba na Novemba, na gari la chini likigusa tope katikati ya barabara halitoki bila kusukumwa. Mkitaka adhimisho la kila mwaka, linalofanyika kandokando ya tarehe 20 Oktoba, acheni basi Kitgum mkodi gari la juu la wenyeji. Kama tarehe si muhimu, Januari au Februari ni kukavu.

Mipakani: Wakenya hupita kwa kitambulisho cha taifa, sisi Watanzania tubebe pasi. Kadi ya homa ya manjano huanza kutumika siku 10 baada ya chanjo, kwa hiyo msichanje wiki ya safari. Dereva awe na bima ya COMESA, ile ya gari linalovuka mipaka. Chandarua pia, malaria ya huko ni kali.

Sakristia
Naongeza mambo ya kanisa. Hao ni wenye heri tangu 20 Oktoba 2002, bado si watakatifu, hivyo ibada yao ya hadhara ina mipaka: Misa yao mkaiadhimishe huko kwao, jimbo kuu la Gulu, msidhani mnaweza kuipanga parokiani kwenu bila ruhusa. Paroko wenu aandike barua mapema kwa paroko wa Kitgum, na padre mtakayekwenda naye abebe hati yake ya upadre. Misa nyingi ni kwa Kiacholi. Ombeni saa yenu ya Kiswahili.

Nawasihi sana, msichote udongo wa Wi-Polo kama masalia. Masalia halali hutoka kwa mamlaka ya Kanisa na hati yake.

Mkiwa upande huo piteni Kalongo kwa Mwenye Heri Giuseppe Ambrosoli, padre na daktari, ambaye mabaki yake yalirudishwa huko mwaka 1994. Alitangazwa mwenye heri palepale Novemba 2022.